Bud Spencer alikuwa nani kabla ya kuwa steringi?

Kijana wa Pongwe

Wakuu, salaam. Shikamooni wakubwa wote.

Jana usiku nilikaa na baba mdogo tukiangalia Trinity, ile ambayo mwanzo wake jamaa mwembamba amelala kwenye machela, farasi anamburuza jangwani, na kaka yake bonge mwenye ndevu ndiye sherifu wa mji. Nimekua nikiamini wale wawili ni Wamarekani. Majina yenyewe Bud Spencer na Terence Hill, kofia za pama, bastola, unategemea nini?

Baba mdogo akaniambia yule bonge ni Mtaliano wa Naples, jina lake ni jingine kabisa, na kabla ya sinema aliiwakilisha nchi yake Olimpiki kwenye kuogelea. Hapo kwenye kuogelea nikagoma. Mwili ule? Mtandaoni napo kila mtu ana lake: mara alikuwa rubani, mara alijenga barabara Amerika Kusini. Anayeijua historia yake kwa uhakika anisaidie. Alitokea wapi, aliingiaje kwenye picha, na hilo la Olimpiki lina ukweli? Yupo hai?

Mzee wa Deki

Marahaba kijana. Baba yako mdogo anasema kweli. Jina lake ni Carlo Pedersoli, na alifariki Roma tarehe 27 Juni 2016 akiwa na miaka 86. Sisi tuliokulia kwenye banda umiza, mkanda wake ukitangazwa ubaoni viti vilijaa kabla ya magharibi. Habari za majini namwachia Mwalimu, akipita humu atakueleza vizuri kuliko mimi.

Mwalimu wa Bwawani

Nimepita. Na nimefurahi umeulizia kuogelea, maana wengi wakimtaja huyu mzee wanaanzia kwenye ngumi, na kwa maoni yangu hizo ngumi huzielewi vizuri mpaka ujue alikotoka. Mimi nafundisha watoto kuogelea hapa Tanga, kwa hiyo maisha yake nimeyafuatilia kwa upande huo.

Alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1929 mtaa wa Santa Lucia, Naples, kando ya bahari. Mwaka 1940 familia ilihamia Roma. Darasani alikuwa mwepesi, akaingia chuo kikuu kusoma kemia angali kijana mdogo, lakini masomo yakakatika mwaka 1947 wazazi walipohamia Amerika Kusini naye akaenda nao. Walipita Rio de Janeiro, Buenos Aires na Montevideo, na yeye akapata kazi kwenye ubalozi mdogo wa Italia mjini Recife, Brazil. Baadaye akarudi Roma na kuogelea kwa jezi ya klabu ya Lazio. Ndiyo, Lazio hao hao unaowajua kwa mpira. Klabu ile ina michezo mingi.

Sasa shika tarehe hii: 19 Septemba 1950, bwawa la Salsomaggiore. Pedersoli aliogelea mita 100 mtindo huru kwa sekunde 59.5. Alikuwa Mtaliano wa kwanza katika historia kwenda chini ya dakika moja. Mmarekani Johnny Weissmuller, yule aliyekuja kucheza Tarzan, alikuwa ameivunja dakika hiyo tangu 1922. Yaani Wataliano walikaa miaka 28 wakiuangalia ukuta ule, akaja kijana wa miaka 20 akaubomoa.

Kwa asiyeogelea, nieleze kidogo ugumu wake. Mtu mrefu zaidi ya mita 1.90 ana mkono unaofika mbali, hiyo ni faida. Lakini mwili mkubwa unasukuma maji mengi. Kiuno kikizama kidogo tu, nguvu zote zinaishia kupigana na maji badala ya kwenda mbele. Inabidi alale juu ya maji amenyooka kuanzia utosini mpaka kisigino, na begani mkono uzunguke wote, siyo kiwiko peke yake. Watoto wangu wengi hapo ndipo wanapokwama. Na wakati ule hakuna aliyeshindana na miwani ya majini. Macho yalikuwa wazi, mekundu. Tafuta picha zake za miaka ile uone mwenyewe. Mabega mapana, kiuno chembamba, kidevu kimenyolewa. Hutamtambua.

Mwaka 1951, kwenye Michezo ya Mediterania iliyofanyika Alexandria, Misri, alichukua medali ya fedha ya mita 100. Mwaka 1952 akaenda Olimpiki ya Helsinki, mwaka 1956 akaenda ya Melbourne. Kote alifika nusu fainali ya mita 100 mtindo huru. Anayeona nusu fainali ni kitu kidogo aangalie mchezo ulivyokuwa unakimbia: Helsinki mshindi alitumia sekunde 57.4, Melbourne mshindi akatumia 55.4. Katikati ya hapo alicheza pia polo ya majini, na alikuwemo kwenye timu ya Italia iliyochukua dhahabu ya Michezo ya Mediterania Barcelona mwaka 1955.

Baada ya Melbourne aliachana na mashindano. Habari ya barabara ni kweli. Alirudi Amerika Kusini, akafanya kazi na kampuni iliyokuwa inajenga barabara kuu ya Pan-American, kisha akawa na Alfa Romeo mjini Caracas, Venezuela, mpaka mwaka 1960. Mwaka huo akamwoa Maria Amato huko Roma. Baba mkwe wake, Giuseppe Amato, alikuwa mmoja wa watayarishaji wakubwa wa filamu Italia. Ungetegemea hapo ndipo mlango ulipofunguka, lakini wapi. Miaka ile alitunga nyimbo kwa mkataba wa kampuni ya RCA na kutengeneza vipindi vya televisheni. Kwenye sinema alikuwa ameonekana hapa na pale tu, kwa mwili wake, mtu wa kusimama nyuma na mkuki.

Mwaka 1967 ndipo muongozaji Giuseppe Colizzi alipotafuta mtu mkubwa kwa picha ya kicheko cha chini na bastola nyingi, Dio perdona… Io no!, iliyopigwa Almería, Hispania. Pedersoli alikuwa na miaka 37. Mwenzake alikuwa awe Peter Martell, akaumia mguu, ikabidi aletwe haraka kijana aliyeitwa Mario Girotti. Huyo ndiye Terence Hill wako. Majina yalibadilishwa ili picha iuzike nje kama ya Wamarekani. Ndiyo ilivyokuwa kwa picha za kikauboi za Italia, hata Sergio Leone mwaka 1964 alijiandika Bob Robertson. Pedersoli alichukua Bud kutoka kwenye bia ya Budweiser na Spencer kutoka kwa Spencer Tracy, mwigizaji aliyemheshimu sana. Kwa hiyo usijilaumu, jina lilitengenezwa makusudi ili uamini ulichoamini.

Picha zao za kwanza na Colizzi ni za kikauboi za kawaida, watu wanakufa. Trinity ya mwaka 1970 ndiyo iliyogeuza mambo. Enzo Barboni alikuwa mpiga kamera mzoefu, akaja na hadithi yake ambayo ngumi zinachekesha na damu haimwagiki. Mwendelezo wake wa 1971 ulijaza kumbi za Italia kupita kiasi, na tangu hapo hao wawili wakawa chapa duniani.

Sasa rudi kwenye ngumi, nikuonyeshe ninachokiona mimi. Msimamishe kwenye simu yako pale anapompiga mtu utosini. Haruki. Harushi mateke. Miguu imesimama, kifua kimenyooka, mkono unapanda wima na kushuka kama mchi kwenye kinu, na nguvu yote inatoka begani. Ule ni mkono wa mcheza polo ya majini. Mle bwawani huna ardhi ya kukanyaga, unajishikilia kwa miguu chini na kazi yote inafanywa na bega juu. Tazama pia anavyotumia kofi la wazi kumgeuza mtu. Waigizaji wengi wa mapigano wa enzi zile walijifunza kupigana ili waigize. Huyu alikuja na mwili uliokwisha kufanya kazi miaka mingi, akautumia polepole, bila haraka, kwa sababu alijua unatosha. Utulivu ule kamera haiwezi kumpa mtu.

Mwenyewe alipohojiwa uzeeni alikuwa akisema wazi kwamba anajivunia kuogelea kuliko sinema, kwa kuwa filamu zilipendwa na watu wakampa jina, ila kwenye maji alichopata alikipata yeye. Namwamini.

Likoni Damu

Mwalimu, shikamoo, umetisha. Mimi ni wa Mombasa. Babu alikuwa anasema ile picha yao ya viboko, wanapambana na matajiri wanaoiba wanyama pori, ilipigwa Tsavo. Ni kweli? Na yule adui mkubwa mwenye kifua ni nani, mbona anapigana kama bondia wa ukweli?

Mwalimu wa Bwawani

Marahaba. Hapana, ile ni ya mwaka 1979 na ilipigwa Afrika Kusini. Muongozaji ni Italo Zingarelli, ambaye ndiye aliyekuwa mtayarishaji wa Trinity. Mwaka mmoja nyuma yake Bud Spencer alikuwa Afrika Kusini pia kwa picha ya Piedone l'africano, akicheza inspekta Rizzo wa polisi wa Naples. Mnapoziangalia mkumbuke zilipigwa wakati wa ubaguzi wa rangi, na mengi ya nchi ile yamebaki nje ya kamera. Mimi hilo linanikera kila nikiziona, japo naipenda jinsi Rizzo anavyokaa na yule mtoto Bodo, kwa heshima, bila kumfanya kichekesho.

Na jicho lako ni zuri. Adui ni Joe Bugner, bondia wa uzito wa juu kutoka Uingereza. Alipigana na Muhammad Ali mara mbili, 1973 Las Vegas na 1975 Kuala Lumpur, na mara zote mbili alimaliza raundi zote akapoteza kwa pointi. Ndiyo maana akisimama mbele ya Bud Spencer unaona watu wawili waliofanana uzito, wala hakuna anayeigiza ukubwa.

Mzee wa Deki

Niongezee la sauti. Mwalimu hakuligusa na mimi ndilo linalonivutia. Zile picha zilipigwa bila kutegemea sauti ya uwanjani, mara nyingi waigizaji wakiongea Kiingereza, kisha kila nchi ikaingizia sauti yake. Hata Italia kwenyewe, karibu maisha yake yote ya sinema, sauti mliyoisikia siyo ya Pedersoli. Ni ya mwigizaji Glauco Onorato, kwa sababu lafudhi ya Naples ilionekana haimfai kauboi. Terence Hill naye alitiwa sauti na Pino Locchi. Kwa hiyo sisi tuliomsikia kwa mdomo wa mtafsiri wa banda umiza, tulikuwa tunafanya kile kile walichofanya Wataliano: mwili wake, sauti ya mtu mwingine.

Halafu kuna yule jamaa anayepigwa kila picha, mnamkumbuka? Mrefu, uso mkali, leo ana ndevu kesho hana. Anaitwa Riccardo Pizzuti. Tulimpokea kwa makofi kila alipotokea, maana tulijua atakula kofi kabla mkanda haujafika katikati. Kikosi cha waangukaji kilikuwa ni kile kile picha baada ya picha, na ndiyo maana mapigano yao yanakwenda kwa mdundo mmoja. Mtu anapigwa hapa, anaangukia meza pale, wa tatu ameshafika na chupa. Hakuna anayemkanyaga mwenzake.

Dada Ughaibuni

Naishi Ujerumani karibu na Stuttgart. Huku watu wazima kabisa, walimu, madaktari, wanajua maneno ya picha zake kwa moyo. Jirani na sisi kuna mji unaitwa Schwäbisch Gmünd. Mwaka 2011 walikuwa wanachagua jina la handaki jipya la barabara, na kampeni ya mtandaoni ikataka liitwe Bud Spencer. Baraza la mji lilikataa, ila likakubali bwawa la kuogelea la wazi lipewe jina lake. Sababu haikuwa sinema peke yake: mwaka 1951 Carlo Pedersoli alishindana kuogelea kwenye bwawa lile lile. Alikuja mwenyewe akiwa mzee. Mimi nawapeleka wanangu hapo wakati wa joto.

Mwalimu wa Bwawani

Dada, ahsante sana. Kila nikiwasimulia wanafunzi wangu kuhusu bwawa hilo wanadhani lilipewa jina la mcheza sinema. Sasa nina shahidi anayeingia majini humo.

Kijana wa Pongwe

Wakuu, nimenyoosha mikono. Baba mdogo nimemsomea yote, anatabasamu tu. Yamebaki mawili. Urubani, na huyu Terence Hill naye alitokea wapi? Na mniambie niangalie ipi baada ya Trinity.

Mwalimu wa Bwawani

Urubani ni kweli. Mwaka 1972 walipiga picha Colombia wakicheza marubani wa ndege chakavu, Più forte ragazzi!. Mapenzi ya kuruka yakamshika huko. Akachukua leseni, akarusha ndege na helikopta, na mwaka 1981 akaanzisha shirika la ndege, Mistral Air. Baadaye lilipita mikono mingine na kuishia kwa Posta ya Italia. Ukiunganisha na barabara, nyimbo na kemia utaona mtu asiyeogopa kuanza upya. Alikuja kuigiza hata kwa waongozaji wa aina nyingine kabisa: Dario Argento mwaka 1971, Ermanno Olmi mwaka 2003. Kwa Olmi ni nahodha mzee, anazungumza kwa upole, hakuna ngumi hata moja. Wengi hawajaiona na ni hasara yao. Mwaka 2010 yeye na Terence Hill walipewa pamoja tuzo ya David di Donatello kwa kazi ya maisha yao yote.

Cha kuangalia: Altrimenti ci arrabbiamo ya 1974, ile ya kigari chekundu chenye paa la manjano. Wawili wanashinda mbio sawa kwa sawa, zawadi ni gari moja, wanakubaliana kuamua kwa kushindana kula soseji na kunywa bia, kabla hawajamaliza wahuni wa mfanyabiashara mmoja wanalisaga gari. Nenda moja kwa moja kwenye mazoezi ya kwaya. Bud Spencer yuko mstari wa waimbaji wa besi, anaimba «la la la», na muuaji wa kukodiwa ameelekeza bunduki. Tazama uso wake tu. Macho yameshaiona bunduki, mdomo hauachi kuimba, mwili mzima ule unasogea kidogo, unarudi, unainama, na wenzake kwenye mstari hawajui kinachoendelea. Sioni wa kumfundisha mtu kuigiza vile. Muziki wa Guido na Maurizio De Angelis ndio utakaobaki kichwani mwako wiki nzima.

Terence Hill, yaani Mario Girotti, alizaliwa Venice tarehe 29 Machi 1939, mama yake Mjerumani. Utoto wake wa vita ulikuwa Ujerumani, karibu na Dresden. Na hapa ndipo unifurahishe na wewe kidogo: muongozaji Dino Risi alimwona akiwa na miaka 12 kwenye mashindano ya kuogelea, akamtia kwenye filamu. Aliogelea Lazio, klabu ile ile ya Pedersoli. Mwaka 1959 walikuwemo wote kwenye picha moja ya Hannibal, ila hawakukutana mbele ya kamera. Baada ya miaka ya kikauboi alihamia televisheni, akacheza kasisi mpelelezi kwenye Don Matteo kuanzia 2000 mpaka 2022, na filamu aliyoiongoza mwaka 2018 aliitoa kwa kumbukumbu ya Bud Spencer.

Kama baba mdogo bado ana hamu ya kubishana, mwulize nani kati ya hao wawili alikuwa mwepesi zaidi majini. Namba za Pedersoli unazo hapo juu.

Kijana wa Pongwe

Ameshajibu: «Pedersoli, na hakuna mjadala.» Leo jioni tunaweka ya kigari. Na mdogo wangu wa darasa la nne anauliza unafundisha siku gani, Mwalimu.

Mwalimu wa Bwawani

Jumamosi na Jumapili asubuhi, maji yakiwa yametulia. Aje na taulo na mtu mzima wa kumsindikiza. Wiki ya kwanza hatupigi mkono hata mmoja, tunajifunza kulala juu ya maji tu.